Shahidi wa Mwanya

Kinondoni, 8 Mei 1993

Bibi yangu Mwanakombo,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara mbili nikaichana, maana najua unavyosoma barua: kwanza unatafuta kosa, habari baadaye. Basi habari ni kwamba nimemaliza miaka yangu ya Tabora, nimerudishwa Dar es Salaam, na nimepata chumba Kinondoni kwa mwalimu mstaafu anayefuga bata. Bata wenyewe mchana wanalala, usiku ndiyo wanahutubia.

Najua utasema mtu aliye Kinondoni hashindwi kufika Pugu. Kweli, lakini kazi mpya imenishika hadi Jumapili. Nitakuja kabla ya harusi ya Naima, na dada yangu huyo anasema asipokuona Septemba umekaa mbele ya wanawake wote, haolewi.

Sasa nina swali. Nasikia kwenye zahanati ya hapo kwenu yupo dada mmoja anaitwa Genoveva, anachukua vipimo vya vinywa vya watu na kumletea daktari wa meno huku Kinondoni, na daktari anatengeneza meno ya bandia bila kumwona mwenye kinywa. Watu wa Pugu wanalionaje jambo hilo? Wanaridhika, au wananung'unika? Niandikie unayoyasikia, usipambe.

Mjukuu wako,
Mwinjuma


Pugu, 12 Mei 1993

Mume wangu Mwinjuma,

Marahaba. Umerudi mjini, umeoa bata, na mkeo wa kwanza nipo huku nasubiri posa. Haya, nimesamehe. Ila usije kwanza. Paa la nyumba limefunuliwa, fundi Anselmo amekwenda kuzika kwao, na sipendi uje kulala chini ya nyota kama mbuzi. Nitakwambia likishaezekwa.

Unamuuliza Genoveva. Huyo ni binti wa Mahenge, mrefu, mpole, hana makuu. Anakoroga unga wake kwenye bakuli mpaka unakuwa mzito kama ugali wa mgonjwa, anaujaza kwenye kitu kama kijiko kipana cha bati, anakutia kinywani, halafu anakwambia pumua kwa pua, mama, pumua kwa pua. Unga una ladha ya peremende iliyokaa kabatini na sabuni. Ukishaganda anauvua, anamimina plasta, na kesho yake kinywa chako cheupe kiko dirishani kinakauka pamoja na vya wenzio. Hivyo ndivyo ninavyosimuliwa.

Alhamisi anavipanga kwenye boksi lenye maranda ya seremala na kuvipeleka mjini. Zamani mtu wa Pugu akiuguliwa jino alikuwa na njia mbili. Aende hospitali kubwa mjini, apange foleni, arudi jioni na shavu limevimba na biashara ya siku imekufa. Au aende kwa huyo huyo Anselmo, anayetengeneza na baiskeli, amng'oe kwa koleo. Tangu Genoveva aje, koleo za Anselmo zimerudi kwenye baiskeli.

Watu wanamwombea dua. Andika hivyo huko unakoandika, maana unauliza kama karani wa sensa na mie si mtoto. Barua hii nimempa Genoveva mwenyewe, inasafiri kwenye boksi pamoja na vinywa vya watu. Nawe ukijibu, mwachie kwa daktari.

Mkeo,
Mwanakombo


Kinondoni, 22 Mei 1993

Bibi,

Shikamoo. Umenikamata, nami sikufichi tena. Nimewekwa kwenye kamati inayoandika kanuni za huduma ya meno ya mbali. Kazi yangu ni kuhesabu gharama: serikali italipa nini ikiiacha huduma hii, italipa nini ikiipanua, na italipa nini ikiisimamia vizuri.

Unajua hali ilivyo. Tangu madaktari binafsi waruhusiwe tena, kila mtaa una kibao cha daktari, na si kila aliyetundika kibao amesomea. Wakati huo huo serikali inasema mfuko wake umechoka, wananchi wajiandae kuchangia matibabu. Kwa Pugu, Genoveva analipwa na serikali, unga na plasta ni vya serikali, na meno yanatengenezwa na Daktari Benedicta Kamugisha, ambaye ni binafsi. Mambo yakiharibika, nani ataulizwa? Mgonjwa hamjui daktari, daktari hamjui mgonjwa, na katikati kuna boksi.

Na yameharibika, Bibi. Wiki hii Genoveva aliitwa mbele ya kamati. Akasema bila kuulizwa mara mbili kwamba yupo mama mmoja mtu mzima hapo Pugu aliyerudisha meno yake kwa sababu yanamuumiza. Ameyasugua na kuyarekebisha, na bado mama anasema yanauma. Tulipomuuliza jina, alikataa kulitoa. Akasema labda kosa ni lake yeye, huenda alichukua kipimo vibaya.

Mwenyekiti wetu, Bwana Fredrick, sasa anataka kanuni moja tu: asitengenezewe mtu meno mpaka daktari mwenyewe amwone kinywa. Maana yake daktari asafirishwe Pugu kila mara, kwa gari la serikali, dizeli, posho ya dereva, posho ya msimamizi. Nimepiga hesabu, na kumsimamia Genoveva kutakuwa ghali kuliko meno yote anayoyatoa. Fungu hilo hakuna. Kwa hiyo kanuni ikipita, boksi limekufa, Genoveva atahamishwa, na mpango wa kupeleka huduma hii Madale tutauweka kabatini.

Mimi nitaiunga mkono. Si kwa furaha. Lakini fedha ya serikali ni ya watu wote, na siwezi kumshauri mtu ailipie kazi inayoumiza watu. Maumivu ni maumivu. Kikao ni tarehe kumi Juni.

Naomba haya usimwambie Genoveva.

Mwinjuma


Pugu, 26 Mei 1993

Mwinjuma,

Barua yako ya kumfukuza Genoveva ameniletea Genoveva mwenyewe, mkononi, ananiuliza kama mjukuu wangu hajambo. Nikasema hajambo sana.

Nyie watu wa kamati mnaajiri walinzi wanne wamlinde kuku mmoja. Mshahara wa walinzi ukikosekana, mnamchinja kuku. Unasema kumsimamia kutakula fedha ya watu wote. Na sie tukiamka alfajiri kwenda mjini na shavu mkononi, tukapoteza siku, nauli na soko, hizo si fedha za watu wote? Au kwa kuwa hazipiti mezani kwako hazihesabiki?

Na huyo mama mtu mzima. Mmemwuliza yeye? Je, kama hayamuumi?

Mwanakombo


Kinondoni, 30 Mei 1993

Bibi,

Shikamoo. Umeniita Mwinjuma mtupu, bila mume wangu, kwa hiyo najua nimekukasirisha. Maneno yako juu ya gharama zisizopita mezani nimeyasoma mara nyingi, na tarehe kumi nitayasema kikaoni kama ni yangu. Hapo una haki.

Lakini kuhusu huyo mama siwezi kwenda na "je, kama". Genoveva amesema yanauma, na Genoveva si mwongo. Kwa nini mtu arudishe meno yasiyomuuma, akae na mapengo, wakati amesubiri zamu yake miezi? Kama unamfahamu, mwambie aseme mwenyewe. Vinginevyo kinywa chake kitafunga boksi la wenzake wote.

Mwinjuma


Pugu, 2 Juni 1993

Mume wangu,

Ni mie.

Paa halijafunuliwa. Anselmo hakwenda kuzika. Mdomoni mwangu juu hamna kitu, yaliyokuwa yamebaki yalitoka ulipokuwa Tabora, na sikutaka uje unione nimebonyea kama kifuko. Unga una ladha ya peremende na sabuni kwa sababu niliuonja.

Na meno hayakuniuma hata kidogo. Yalikaa kama yalizaliwa humo. Genoveva alipiga makofi, watu wakaja kuangalia, nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nikajiangalia kwenye kioo, nikamwona mwanamke mzuri tu, meno yamebanana, yamejipanga kama askari wa gwaride. Simjui. Nikamngoja aondoke, hakuondoka.

Wewe huwezi kukumbuka. Ulipopata akili nilikuwa nimeshabakiwa na jino moja la mbele limeinama, lile la pili lilitoka nilipomzaa mjomba wako wa mwisho. Lakini kabla ya hapo nilikuwa na mwanya, Mwinjuma. Si kitu cha kujisifia, Mungu ndiye aliyeuweka. Nilikuwa nikicheka, watu wanasahau walichotaka kusema. Babu yako Marijani alikuja kwetu kununua nazi, akanichekesha kwa upuuzi fulani, nazi akaziacha pale pale, kesho yake akaleta wazee. Na alikuwa na mke tayari.

Sasa mie, kizee niliyefiwa, nimwambie binti wa Mahenge nataka mwanya? Angeniuliza mama, wa nini? Ningemjibu nini? Mtaa mzima ungesema Mwanakombo anatafuta mchumba. Nikaona aibu. Nikasema yananiuma, nikadhani yataishia pale. Kumbe binti wa watu ameyasugua mara mbili huku akiniomba radhi, halafu akasimama mbele ya wakubwa zako akajitwika kosa asilolifanya na jina langu hakulitaja. Tangu nisome barua yako chakula hakipiti, na safari hii si kwa sababu ya meno.

Taja jina langu kwenye kikao. Sema Mwanakombo binti Shomari ndiye aliyesema uongo. Genoveva nimeshamwambia mwenyewe jana, nimemshika mikono. Akasema tu, mama, mbona hukuniambia.

Mkeo mwongo,
Mwanakombo


Kinondoni, 12 Juni 1993

Mke wangu mwongo,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni kwa daktari, nikacheka mpaka wagonjwa wakanitazama vibaya. Halafu nikaona haya. Siku ile Genoveva alipoitwa, kikao kizima nilikuwa nikisema "yule mama", kwa sauti ya kiserikali, na yule mama ndiye aliyenifundisha kunywa chai bila kuivuta kwa kelele.

Nimekutaja. Nilisema huyo ni bibi yangu, meno hayamuumi, kilichokosekana ni mwanya. Nilitegemea wacheke. Bwana Fredrick hakucheka. Akiwa ameinamia karatasi zake, akasema mke wake anao, na akaendelea na ajenda. Nadhani hapo ndipo upepo ulipogeuka.

Daktari Benedicta naye alikuwepo. Alisema, "Plasta inanieleza ufizi ulivyo leo. Hainielezi mtu huyu alikuwa anachekaje. Hilo lazima aulizwe, na sisi hatukuuliza." Akasema hata angekuja Pugu mwenyewe na gari la serikali, akakuangalia kinywa kitupu, bado asingeujua mwanya wako bila kuuliza. Mwenyekiti akaniangalia mimi na hesabu zangu za dizeli.

Basi tumeandika kanuni nyingine. Genoveva atamwuliza kila mgonjwa meno yake yalikuwaje, na mtu mmoja aliyemjua mgonjwa zamani atathibitisha. Usicheke, uthibitisho una sababu. Mwezi uliopita kijana mmoja alitaka meno ya mcheza sinema aliyemwona kwenye kalenda, na unga wa serikali si wa kalenda. Tena daktari atafika Pugu kila baada ya miezi mitatu, akipanda gari la chanjo ambalo linakwenda huko siku zote. Hakuna dizeli mpya, hakuna posho mpya. Hili nimelibuni mimi na nimejipongeza.

Lakini Bwana Fredrick ameweka sharti. Meno yako yatengenezwe upya kwa kanuni hii, na yeye atakuja kuyaona. Ukiyakubali, boksi linaendelea na Madale inafuata. Ukiyarudisha tena, boksi linafungwa Agosti.

Sasa shahidi. Picha yako tuliyonayo ni moja tu, ile ya Idi, umefumba midomo kama anayeficha ubani. Nimemwuliza mama. Anasema anakumbuka mwanya ulikuwepo ila upana haujui, mtoto haangalii meno ya mama yake, anaangalia mkono. Na wewe mwenyewe Genoveva anasema kila ukimwonyesha kwa vidole mwanya unaongezeka. Rika lako wengi wametangulia. Aliyebaki ni mmoja, Bibi Hija wa Kipawa.

Mjukuu wako,
Mwinjuma


Pugu, 16 Juni 1993

Mume wangu,

Yeyote, ila Hija.

Huyo alikuwa bi mkubwa na mie bi mdogo, tukakaa ua mmoja miaka na miaka, na sijasema kwamba alinitesa. Tuliishi. Lakini babu yako alipofariki akataka arobaini isomwe kwake Kipawa, mie nikataka isomwe hapa alipofia, tukaambiana maneno mbele ya wageni ambayo hayarudi tumboni. Tangu siku hiyo hajanijulia hali nami sijamjulia. Leo nimfuate nimwambie njoo unishuhudie uzuri wangu? Mwanamke niliyemwingilia nyumbani? Afadhali ninywe uji mpaka kiyama.

Kisha hata akija atasema uongo. Atasema sikuwa na mwanya, au atasema ulikuwa mpana kama mlango wa banda. Mie ningekuwa yeye ningesema hivyo.

Leo nilipita zahanati. Genoveva alikuwa anafuta madirisha, na zile plasta amezipanga upya kwa ukubwa, kama mtu anayekabidhi nyumba. Kuna mtoto wa kike alikuwa anamsubiri, jino limeoza, mama yake amemshika bega. Nikapita bila kusalimia.

Hija simtaki. Lakini wewe ukienda Kipawa kwa mambo yako, mie sikukutuma, na sikukukataza.

Mwanakombo


Kipawa, 27 Juni 1993

Mwanakombo,

Sikuamkii mimi, mimi ndiye mkubwa. Shikamoo yako nimeihesabu kwenye deni.

Mjukuu wako amekuja hapa kwa mwanangu Suleiman. Amesifu chai, amesifu ua, amezungumzia bata sijui wa nani, jasho linamtoka. Nikamwambia baba, sema lililokuleta. Ndipo akaniuliza mwanya wa bibi yake ulikuwa wa upana gani. Ndege ilikuwa inapita juu, nikamfanya aseme mara ya pili, ingawa ya kwanza nilisikia.

Nimemwambia hivi. Njiti moja ya kiberiti ilipita, mbili hazikupita. Kwa juu ulikuwa umeachana zaidi kidogo kuliko chini. Na jino la kulia lilikuwa fupi kuliko la kushoto, kitu ambacho wewe huwezi kukisema maana hukukijua, tuliokuwa tukiyaona meno yako ni sisi. Nimetia sahihi na dole gumba kwenye karatasi yake.

Usinishukuru. Niliambiwa niseme kweli, nimesema kweli. Lakini yakiwa tayari nipelekewe habari, nataka nione kama huyo daktari alisikia.

Hija


Kinondoni, 24 Julai 1993

Bibi yangu,

Shikamoo. Meno yako yamekamilika. Daktari Benedicta aliniita niyaone, yako juu ya meza yake na pembeni kuna kiberiti kilichofunguliwa. Alipima kwa njiti kama alivyosema Bibi Hija, na jino la kulia amelipunguza kwa tupa, kidogo kidogo, huku akisoma karatasi. Genoveva atakuletea Alhamisi.

Bwana Fredrick atafika Jumanne tarehe tatu Agosti kwa gari la chanjo, pamoja na daktari. Mimi nimeambiwa nisije, kwa sababu mjukuu hawezi kumkagua bibi yake. Nitakaa ofisini nisubiri.

Nina neno moja, na nimelifikiria sana. Najua ungeweza kuyavaa hata yakikukata, ukatabasamu mbele ya mwenyekiti kwa ajili ya Genoveva na kwa ajili yangu. Usifanye hivyo. Mara ya kwanza ulisema yanauma na hayakuuma, tukaingia gharama zote hizi. Ukisema hayaumi na yanauma, tutapeleka kosa hilo Madale na kwingine, na watu wengine watalilipia kwa fizi zao. Na usipomwona mwanamke unayemjua kwenye kioo, sema pia. Nitalala vibaya, lakini nitalala.

Naogopa, Bibi. Nimeanza kulipenda boksi hili.

Mwinjuma


Pugu, 4 Agosti 1993

Mume wangu,

Najua umeshasikia kutoka kwa mwenyekiti wako, lakini yeye alikwambia kwa lugha ya mafaili, sasa sikiliza kwangu.

Hija alifika Jumatatu, hakualikwa. Nilimtumia habari kama alivyotaka, nikadhani atatuma mtu. Akaja mwenyewe na kikapu cha maandazi na mkeka wake, maana anasema mikeka ya watu ina kunguni. Nikasimama mlangoni. Nikasema, "Shikamoo, bi mkubwa." Akasema, "Marahaba. Umechelewa," akaingia. Ya arobaini hakuna aliyeyagusa. Tulipika, tukala, akalala chumba cha pili, na kukoroma hajaacha.

Meno nilikuwa nimeyapokea Alhamisi lakini sikuyavaa. Nilitaka nisiwe peke yangu na kioo. Jana asubuhi Genoveva akanivisha pale zahanati, watu wote wapo, Bwana Fredrick na suti yake, daktari, dereva, wauguzi wa chanjo, akina mama na watoto wao. Nikapewa kioo. Mume wangu, nilimwona. Amezeeka sana, maskini, lakini nilimjua pale pale. Nikalia mbele za watu na sikuona haya.

Mwenyekiti akauliza yanauma? Nikakumbuka barua yako. Nikasema ndiyo, kushoto, nyuma, yananikwaruza. Genoveva akaniangalia kwa hofu. Daktari akayatoa, akayasugua pale pale kwa kitu kidogo kinachozunguka, akanirudishia. Nikatafuna andazi la Hija. Hayakwaruzi. Basi Bwana Fredrick akasema boksi liendelee, na Genoveva ajiandae kumfundisha mwenzake wa Madale. Akataka kusema hotuba, watoto wa chanjo wakaanza kulia, akaiacha. Umwambie Naima amwandae bwana harusi, mie Septemba nitakaa mbele.

Gari lilipoondoka tulirudi nyumbani, sie wawili. Hija akaketi kwenye mkeka wake, akasema, "Cheka." Nikacheka. Akainama karibu, akaangalia juu, akaangalia chini, akasema, "Daktari kasikia."

Nikamwuliza lililokuwa likinikereketa tangu nisome barua yake. Njiti moja ilipita, mbili hazikupita, yeye alijuaje? Mtu hapimi meno ya mwenzie kwa macho. Akawa anafunga na kufungua kanga yake. Mwisho akasema ilikuwa mwaka ule nilipojifungua mama yako nikashikwa na homa, siku nyingi sijitambui, na yeye ndiye aliyeniuguza, akininywesha uji kwa kijiko. Hilo nilikuwa nalijua. Siku moja nimelala mdomo wazi, amekaa kitandani pangu na kiberiti cha kuwashia taa.

"Nikapima," akasema. "Nilitaka kujua kitu kilichonishinda kina upana gani."

Tukatazamana. Halafu kitu kikamshika mdomoni, nami kikanishika, tukaanza kucheka, vizee viwili kwenye mkeka mmoja, tukacheka mpaka meno yakaniruka yakaangukia mchangani. Hija akayaokota, akayasuuza kwenye kata ya maji, akayakung'uta, akanirudishia.

Mkeo,
Mwanakombo